Herufi Moja

Baba yangu aliitwa Wagimin.
Jirani yetu, muuza tofu, aliitwa Wagiman.
Wote wawili walizaliwa siku ya gulio la Wage,
na kwetu Java siku humpa mtoto jina
kabla mzazi hajafumbua mdomo.
Kati yao palikuwa na ua wa mianzi,
kisima kimoja
na herufi moja.

Baba alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi
pale kiwanda cha sukari.
Aliandika madai ya mishahara kwa mwandiko wa mlazo,
miwa iliyoegemea upepo.
Wagiman hakujua kusoma.
Madeni aliyachora ukutani kwa mkaa:
kijiti kwa kila kipande cha tofu,
duara kwa aliyelipa.

Orodha haikuandikwa kijijini.
Iliandikwa mji mkuu, katika nyumba yenye feni
na bendera isiyo yetu,
na mtu ambaye labda alikuwa na binti wa rika langu,
labda kahawa yake ilikuwa inapoa.
Nimeitazama mashine ya namna ile.
A iko kushoto kabisa, I iko kulia;
hazikai jirani kama tulivyokaa sisi.
Basi si kidole kilichoteleza.
Ni sikio.

Karatasi ikashuka.
Balozi kwa jemadari, jemadari kwa kapteni,
kapteni kwa vijana wa hapa hapa.
Mmoja wao alinitengenezea tiara mwezi wa Agosti.
Walikuwa na redio mpya za mkononi,
zingali zinanuka boksi.
Tembo hawakupigana mwaka ule.
Tembo walikaa kivulini wakihesabu,
nyasi ndizo zilizopewa mapanga.

Mvua ya Novemba. Lori la miwa, bila miwa.
"Wagiman?"
"Ndiye mimi, karibuni,"
kwa sauti ile ile ya kumwitikia mteja,
mikono ingali na povu la soya.

Baba alikuwa nyuma ya mlango wetu.
Alisikia.
Mdomo wake ulikuwa wazi,
na mama akauziba kwa kiganja.
Hata alipokuwa akikata roho mama hakusema
alichokihisi kiganjani usiku ule:
neno,
au pumzi tu.

Waliosema damu ni nzito kuliko maji
hawakuuona mto Brantas.
Uliibeba kama si kitu.
Miezi mitatu hakuna aliyenunua samaki,
na paka wetu walinenepa.

Baba aliishi miaka thelathini na mmoja zaidi.
Ukimwita jina lake, hakugeuka.
Kila siku ya Wage alivuka ua,
akanunua tofu kwa mjane, Bu Tumirah,
akalipa mara mbili, akarudi,
akaiweka mezani mpaka ikachacha.
Hakuwahi kuila. Hakuwahi kutuzuia kula.

Juzi mwanafunzi mmoja alinijia na kompyuta.
Huko ng'ambo wamefungua makabati yao, alisema,
miaka hamsini na ushei, siri imeisha muda
kama maziwa.
Akanionyesha ukurasa.
Mstari wa kumi na nne: kiwanda chetu, kazi ya baba,
cheo cha baba, umri wa baba,
jina la Wagiman.
Pembeni, alama ya penseli, nyepesi, ya mtu mwenye adabu.

Nikainua kidole kuelekea kioo.
Nilitaka kuisahihisha.
Kidole kikagoma.
Nikiiweka I, namuua baba.
Nikiiacha A, nimesimama nyuma ya mlango.

Mwanafunzi aliuliza kama ninataka maji.

Ukuta wa Bu Tumirah umepakwa chokaa mara nyingi,
isipokuwa kipande kimoja karibu na jiko.
Kuna vijiti saba pale
visivyo na duara.
Ni vya nyumba yetu.
Baba alijaribu kuvilipa.
Mjane alipokea pesa, akamshukuru,
na mkaa hakuugusa.